Karatasi Zenye Saini: Historia ya Kura za Urais Tunduma

Historia ya uchaguzi wa Rais katika nchi yetu imezoeleka kuandikwa kutoka juu: nani alishinda, kwa asilimia ngapi. Lakini jumla ya taifa huzaliwa vituoni, na kituo huacha karatasi: fomu ya matokeo yenye saini ya msimamizi na za mawakala wa wagombea. Kada anayetaka kuielewa historia hiyo kisayansi hana budi kuanzia hapo.

Kura hizo hazikuwa za aina moja. Novemba 1, 1962 Julius Nyerere wa TANU alishindana na Zuberi Mtemvu wa ANC. Toka 1965 hadi 1990 mgombea alikuwa mmoja, na mpiga kura alijibu Ndiyo au Hapana. Wapo wanaodhani karatasi za kipindi hicho hazina la kufundisha. Hilo ni kosa la uchambuzi: hesabu ya Hapana, kituo kwa kituo, ndiyo sauti iliyomezwa na jumla. Mwaka 1995 wagombea wakawa wanne, na saini ya wakala wa upinzani ikapata uzito mpya, kwani anayethibitisha hesabu asiyoipenda ni shahidi mzito.

Ndugu zetu wa Kenya waliuona uzito huo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa Rais. Kasoro za fomu za matokeo, baadhi zikiwa hazina saini, zilikuwa miongoni mwa hoja. Kwetu, Ibara ya 41(7) ya Katiba hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume. Fomu zetu basi hazifiki mbele ya jaji. Mwanahistoria asipozisoma, nani atazisoma?

Mkoa wa Songwe ulianzishwa 2016. Anayetafuta karatasi za Tunduma za 1995 kwa jina la Songwe atarudi mikono mitupu. Atafute Mbeya na Mbozi. Tena mji huu ni wa mpakani: wakala wa jana leo ana duka ng'ambo ya pili, Nakonde, na nakala yake imo sandukuni pamoja na risiti za mahindi. (Mchwa hawaulizi kadi ya chama.)

Nyaraka za serikali zisiguswe. Zina sheria yake ya 2002. Nakala za mawakala wa vyama vyote ziombwe kwa hiari, zipigwe picha mbele na nyuma, na iandikwe zilikotoka. Fomu isiyo na saini isitupwe. Wakala atafutwe angali hai, aulizwe kwa nini hakutia.