IANSA na Udhibiti wa Silaha Ndogo: Chimbuko, Ubishi na Maana Yake kwa Wananchi wa Rungwe

IANSA ni mtandao wa kimataifa wa asasi za kiraia zinazopinga kuzagaa na kutumiwa vibaya kwa silaha ndogo na nyepesi, yaani bastola, bunduki, bunduki za rashasha na silaha nyingine ambazo mtu mmoja au kikundi kidogo cha watu kinaweza kuzibeba na kuzitumia. Mtandao huo uliasisiwa mwaka 1999 na unaunganisha asasi za mabara yote. Afrika Mashariki ina mtandao wake wa kikanda, EAANSA, wenye makao nchini Uganda.

Makala haya yanaeleza chimbuko la harakati hizo, hoja za wanaozipinga, na nafasi ya sheria za Tanzania, ili mwananchi anaposikia tangazo la kusalimisha au kuhakiki silaha afahamu msingi wake.

Chimbuko

Udhibiti wa silaha si jambo geni katika ukanda wa Ziwa Nyasa. Kati ya mwaka 1887 na 1889, eneo la Karonga, jirani na Kyela ya leo, lilikumbwa na vita baina ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliokuwa chini ya Mlozi na kampuni ya Waingereza ya African Lakes. Wangonde, ndugu wa karibu wa Wanyakyusa kwa lugha na asili, ndio walioumia zaidi. Bunduki ndizo zilizompa nguvu mwenye kuteka watu.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, ambao pia ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba huo ulikuwa na sura mbili: ulipunguza silaha mikononi mwa watekaji, lakini pia uliwaacha Waafrika bila silaha za kisasa wakati wakoloni wakiingia. Swali la nani anyang'anywe silaha na nani abaki nazo limedumu tangu wakati huo.

Ubishi wa kimataifa

Mwezi Julai 2001 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini New York uliopitisha Mpango wa Utekelezaji dhidi ya biashara haramu ya silaha ndogo. IANSA iliratibu ushiriki wa asasi za kiraia. Katika mkutano huo mwakilishi wa Marekani, John Bolton, alieleza kuwa nchi yake isingekubali vifungu vinavyobana umiliki halali wa silaha kwa raia.

Mpinzani mkubwa wa mtandao huo amekuwa NRA, chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani. Oktoba 2004 kiongozi wake, Wayne LaPierre, alikabiliana katika mdahalo jijini London na Rebecca Peters, aliyekuwa Mkurugenzi wa IANSA. Kabla ya hapo Peters aliongoza kampeni ya kubadili sheria za silaha nchini Australia, zilizokazwa baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwezi Aprili 1996.

Wapinzani walidai kuwa IANSA inalenga kuwanyang'anya silaha raia wema, na kwamba asasi inayopokea fedha kutoka serikali haiwezi kujiita sauti ya raia. Watetezi wake walijibu kuwa silaha nyingi haramu huanza zikiwa halali, kisha huibwa, huuzwa au hupotea. Kwa hiyo kudhibiti soko haramu bila kusajili silaha halali ni sawa na kufunga dirisha na kuacha mlango wazi. Mwaka 2006 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alilazimika kufafanua kuwa mkutano wa mapitio wa mwaka huo haukukusudia kuwapokonya raia silaha wanazomiliki kwa mujibu wa sheria.

Ubishi wa Afrika Mashariki

Katika ukanda wetu hoja kuu si haki ya kumiliki bunduki, bali usalama wa anayeisalimisha. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Karamoja, nchini Uganda, ambako usalimishaji wa hiari ulianza Desemba 2001 na kufuatiwa na matumizi ya nguvu mwaka 2002. Baadhi ya jamii zilizotoa silaha zilivamiwa na majirani ambao bado walikuwa nazo, na ukusanyaji wa baadaye ulilalamikiwa kwa ukiukwaji wa haki za binadamu. Funzo lake ni kwamba ukusanyaji wa silaha lazima uambatane na ulinzi wa uhakika kwa wote.

Msimamo wa sheria

Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya SADC ya mwaka 2001 na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha. Itifaki ya Nairobi inataka silaha ziwekewe alama na kumbukumbu zitunzwe, na inapiga marufuku raia kumiliki bunduki za rashasha. Nchini, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Kwa mujibu wake, kumiliki au kutengeneza silaha bila kibali ni kosa, hata kama silaha hiyo ni gobore.

Aidha, Umoja wa Afrika uliutangaza mwezi Septemba kuwa Mwezi wa Msamaha wa kusalimisha silaha haramu, utaratibu uliorefushwa hadi mwaka 2030. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilitoa msamaha kwa miezi ya Septemba na Oktoba kwa waliosalimisha kwa hiari.

Maana yake kwa Rungwe

Tukuyu ipo kwenye barabara kuu inayotoka Mbeya kuelekea mpaka wa Kasumulu na Malawi, hivyo usalama wake unategemea pia udhibiti wa mpakani. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, wakulima hukabiliwa na wanyama waharibifu wa mahindi. Msitu huo ni makazi ya kipunji, nyani adimu aliyetambulishwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, ambaye uwindaji ni miongoni mwa vitisho vinavyomkabili. Kero ya mkulima ni ya kweli. Hata hivyo, gobore lisilosajiliwa humweka hatarini yeye, familia yake na hifadhi. Uharibifu wa mazao uripotiwe kwa uongozi wa kijiji na maofisa wa wanyamapori.

Anayehitaji silaha kihalali huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa wake, na ombi hupitia kamati za usalama na Jeshi la Polisi. Mmiliki anapofariki, ndugu hawaruhusiwi kurithishana silaha nyumbani. Inapaswa kukabidhiwa kituo cha polisi, na anayetaka kuimiliki aombe kibali chake mwenyewe. Anayekuta silaha iliyofichwa au kutelekezwa asiiguse, bali atoe taarifa haraka kwa polisi au mwenyekiti wa kijiji.