Boti za Kasi na Mabega ya Watu

Zinapotajwa boti za kivita ziendazo kwa kasi, mawazo ya watu hukimbilia bahari za mbali. Warusi, kwa mfano, tangu mwaka 2013 wamekuwa na aina iitwayo Raptor. Urefu wake ni kama mita 17, huchukua askari 20 wenye silaha zao, na hukimbia karibu kilomita 90 kwa saa. Kazi yake ni kutokea ghafla pwani, kushusha watu au kupiga, na kutoweka. Hata hivyo kasi si ngao. Mwezi Mei 2022 Ukraine ilitangaza kwamba imeziharibu Raptor mbili karibu na Kisiwa cha Nyoka, katika Bahari Nyeusi, kwa ndege isiyo na rubani, yaani na kitu ambacho hakikuhitaji kuwakimbiza kwenye maji.

Msomaji wa Karagwe au Kyerwa ataniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi watu wa milimani, ambao wengi wetu tumeiona bahari tukiwa watu wazima? Yanatuhusu. Vita ya namna hiyo ilipata kupiganwa katika nchi hii, kwenye maji baridi, miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Tena meli iliyokuwa shabaha ya vita hiyo ilibeba jina la mtu aliyeuvuka mto wetu wa Kagera pale Rusumo mwezi Mei 1894 akielekea Rwanda. Huyo ni Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa gavana wa koloni wakati wa Maji Maji.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, mwenye Ziwa Tanganyika alikuwa Mjerumani. Alikuwa na meli ndogo mbili zenye mizinga, Kingani na Hedwig von Wissmann, na pale Kigoma alikuwa akiunganisha ya tatu, Graf von Goetzen. Hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, na ikashushwa majini Februari 1915. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka mmoja tu kabla yake. Kwa meli hizo Wajerumani waliweza kupeleka askari popote ziwani, na Wabelgiji wa upande wa Kongo wakabaki kutazama tu.

Mwezi Aprili 1915 mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, alikwenda London na shauri ambalo mtu wa kawaida angelicheka. Alisema, leteni boti ndogo za kasi kwa njia ya Afrika ya Kusini, mzipitishe nchi kavu, mzitie ziwani adui asitambue. Wakuu wa jeshi la maji walikubali. Zilichaguliwa boti mbili za kiwanda cha Thornycroft, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12, injini mbili za petroli, mzinga mmoja mdogo mbele na bunduki ya Maxim nyuma. Kwenye mto Thames zilikimbia kiasi cha kilomita 35 kwa saa. Kamanda wake, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakuu wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni hao hao paka na mbwa. (Mswahili akisikia boti inaitwa Mimi hufikiri imejitambulisha.)

Hadithi hii nimeisimulia kwa wanachuo wa ualimu miaka mingi, na nimeona kila mara wanapenda wapi. Wanapenda vita yenyewe, na wanampenda Spicer-Simson, kwa sababu alikuwa mtu wa vituko. Alivaa sketi ziwani na kujichora mwili mzima, hata Waholoholo wa ufuo ule wakampa jina la Bwana Chifungatumbo. Mimi huwarudisha kwenye sehemu ya katikati, ambayo vitabu vingi huipita mbio.

Boti zilifika Cape Town mwanzoni mwa Julai 1915. Zikapakiwa kwenye garimoshi na kusafirishwa zaidi ya kilomita 3,500, hadi Fungurume katika Katanga, ambako reli ilikoma. Kutoka hapo mpaka reli nyingine ndogo iliyoanzia Sankisia palikuwa na kilomita zipatazo 230 za misitu, mabonde na milima ya Mitumba. Barabara haikuwapo. Ilibidi ikatwe, miti ing'olewe, na madaraja zaidi ya mia yajengwe juu ya vijito na makorongo. Mashine mbili za mvuke za kukokota zililetwa kuvuta boti, lakini ziliteleza, zilizama kwenye udongo, na madaraja mengine yalivunjika chini ya uzito wake. Penye mteremko mkali walifungwa ng'ombe, na juu ya ng'ombe wakaongezwa watu wenye kamba. Mapema Septemba walifika kilele, karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Anayeijua milima yetu ajaribu kufikiri kuburuta boti mpaka juu kuliko kilima chochote cha Karagwe, kisha kuishusha upande wa pili bila kuiachia.

Jambo linalonishika kila mara ni la maji. Ilikuwa kiangazi. Mashine ya mvuke bila maji ni chuma kitupu, na maji yalipokosekana njiani waliitwa wanawake wa vijiji vya karibu, wakayateka mbali na kuyaleta kwa vyungu kichwani. Boti iliyoundwa ili isafiri juu ya maji ilisafiri nchi kavu kwa maji ya vichwa vya akina mama. Sidhani kama yupo aliyewaeleza ile boti ni ya nini.

Baada ya Sankisia, reli ndogo ikawafikisha Bukama kwenye mto Lualaba. Maji yalikuwa haba mno hata boti zikafungiwa mapipa ili zielee juu zaidi, na wapiga kasia wa mto ule wakazipitisha kati ya mchanga na mawe. Mwisho wa Oktoba zilikuwa Lukuga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Majina ya Waingereza 28 wa msafara huo yamehifadhiwa, yupo daktari, yupo mpishi. Wakataji wa barabara, wavutaji wa kamba na wale wanawake wa vyungu hutajwa kwa jumla tu, kama mtu anavyotaja idadi ya magunia.

Vita yenyewe ilikuwa fupi. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilikuja kupeleleza Lukuga. Mzinga wake ulitazama mbele tu, nayo Mimi na Toutou zikaiendea kwa nyuma. Boti hizo nazo zilikuwa na dosari yao, kwani mbao zake nyepesi hazikustahimili mshtuko wa mzinga isipokuwa ukipigwa kuelekea mbele moja kwa moja. Baada ya dakika kumi na moja nahodha wa Kingani alikuwa amekufa na meli imetekwa. Waingereza wakaitengeneza na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikaja kumtafuta mwenzake. Mimi ikaizungukazunguka na kuisumbua kama nyuki amsumbuavyo ng'ombe, hata Fifi yenye mzinga mkubwa zaidi ikaifikia na kuizamisha.

Halafu kasi ikafika mwisho wake. Goetzen ilipotokea, Spicer-Simson hakutoka kupigana nayo, na wataalamu wanabishana hata leo kama ilikuwa busara au woga. Mwezi Juni 1916 alifika Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, ambako alitakiwa kuwazuia Wajerumani wasitoroke kwa maji. Akaona mizinga juu ya ngome, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani na askari wao wakaondoka kwa majahazi na mitumbwi. Mizinga ile, ilipochunguzwa, ilikuwa magogo ya miti. Boti zilizovuka Mitumba zikawa zimepitwa na makasia! Goetzen haikuzamishwa na boti yoyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipoihama Kigoma, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria na dagaa kwa jina la Liemba.

Mwaka mmoja mwanachuo wa kike, mtu mkimya aliyezoea kukaa nyuma, aliniuliza, "Mwalimu, hao waliochota maji walilipwa?" Darasa likacheka. Nikawaambia wanyamaze, maana hilo ndilo swali ambalo mtungaji wa mtihani hajawahi kuliweka. Katika vita ile nzima ya Afrika Mashariki, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa wakiwatumikia Waingereza peke yao inapita 40,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Mtoto wa darasa la saba anaweza kujua kimo cha Mlima Kilimanjaro na asijue jambo hilo.

Mkoa wetu nao ulipigwa kutoka majini. Juni 1915, siku zile zile Mimi na Toutou zilipokuwa baharini, Waingereza walitoka Kisumu kwa meli za kawaida za ziwani, wakashuka kaskazini ya Bukoba, wakaharibu mtambo wa simu ya upepo na kuupora mji. Lakini Kagera ya upande wetu ni mto wa namna nyingine. Kutoka Rusumo kuja Murongo umejaa mafunjo, vinamasi na vijiziwa, na karibu na Murongo kuna maporomoko. Boti ya kasi ingenaswa kabla haijapiga risasi moja. Jeshi la Idi Amin lilipolivunja daraja la Kyaka mwezi Novemba 1978, jeshi letu lilivuka baadaye kwa daraja la muda, kwa miguu na magurudumu. Chombo cha mto huu ni obwato, mti mmoja uliochongwa, na mtu mmoja mwenye kasia.

Chombo hicho ndicho kilichokuwapo mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Daraja lilipofungwa upande wa Rwanda, waliobaki wakatafuta njia kwenye mafunjo, na wengi wakatokea kwetu Karagwe. Wakati huo huo maiti zilikuwa zikiteremka na mto kuelekea Ziwa Viktoria, na watu wa kando ya mto wakaacha kula samaki. Dunia ilikuwa na boti za kasi za kutosha mwaka ule. Mto Kagera haukuona hata moja.

Miaka michache baadaye nilizungumza na mvuvi mmoja aliyekuwa akivusha watu nyakati za usiku, wanne au watano kwa safari, wengine wakining'inia ubavuni mwa mtumbwi. Nilimwuliza alivusha wangapi kwa jumla. "Sikuhesabu, Mwalimu," alisema. Mtumbwi wake wa pili ulizama mwezi ule kwa kuzidiwa, na alichotaka kujua kwangu, kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu, ni kama lipo shirika lolote analoweza kuliandikia barua apate bei ya mti mwingine wa kuchonga.