Kisukari na Chakula Chetu: Historia ya Sahani ya South Nyanza

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa kisukari na chakula, na tutapitia njia ya historia. Kwa nini historia? Kwa sababu akiambiwa kliniki kwamba mgonjwa abadilishe chakula, mlezi anaweza kudhani anatakiwa kununua vyakula vya kigeni vya bei ghali. Mwingine humnyima mgonjwa ugali kabisa, akalala njaa. Mwingine huona chakula kinatosha, akamwachisha dawa. Ukijua tulikotoka, utaona kwa nini njia hizo tatu humuumiza mgonjwa.

Kwanza tukumbushane. Ugali, viazi, wali na mkate hugeuka kuwa sukari tumboni, na sukari hiyo huingia katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, ambayo husaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia mwilini ili tupate nguvu. Insulini ikikosekana, au isipofanya kazi vizuri, sukari hujaa katika damu. Ikiachwa hivyo kwa muda mrefu huharibu macho, figo, moyo na miguu.

Wakati chakula kilikuwa dawa ya pekee

Zamani hapakuwa na dawa. Mwaka 1870 mji wa Paris, Ufaransa, ulizingirwa na majeshi ya adui na chakula kikawa haba. Daktari Apollinaire Bouchardat aligundua kwamba wagonjwa wake wa kisukari walipungukiwa na sukari katika mkojo kwa sababu walikula kidogo. Kutoka hapo madaktari wakazidi kuamini kwamba chakula kina nguvu juu ya ugonjwa huu.

Lakini nguvu hiyo ilikuwa na mwisho. Huko Marekani, Daktari Frederick Allen aliwalisha wagonjwa wake chakula kidogo sana. Watoto waliongezewa miezi, pengine miaka, lakini walikonda wakabaki mifupa, na wengi walikufa. Kisha mwaka 1921 watafiti wa Toronto, Kanada, wakiongozwa na Frederick Banting na Charles Best, wakapata insulini. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa akififia kwa njaa ya matibabu, alidungwa sindano hiyo. Akapata nguvu, akaishi miaka 13 zaidi.

Mama, hilo ni somo zito. Mtoto mwenye kisukari ambaye mwili wake hautengenezi insulini hawezi kuponywa kwa mboga, kwa mitishamba, wala kwa kufunga. Bila sindano atakufa. Ukiona mtoto ana kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara, ameanza tena kukojoa kitandani na anakonda, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apimwe sukari.

Sahani ilivyobadilika kwetu

Sasa turudi nyumbani, katika eneo lililoitwa South Nyanza, ambalo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori. Nyanya zetu walipika ugali wa mtama na wimbi, uliosagwa kwa jiwe pamoja na maganda yake. Kando yake waliweka samaki wa ziwani, kunde, maharagwe, na mboga kama osuga, dek na apoth. Shamba lililimwa kwa jembe, maji yalibebwa kichwani, na safari ilikuwa kwa miguu. Daktari Hugh Trowell, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafanya kazi Uganda, alichapisha kitabu mwaka 1960 akieleza kwamba magonjwa kama kisukari yalikuwa nadra kwa Waafrika alipoanza kazi.

Mambo yalibadilika polepole. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Serikali ya kikoloni, hasa chini ya John Ainsworth aliyekuja kuongoza mkoa wa Nyanza mwaka 1907, ikahimiza kilimo cha mahindi meupe. Mwaka 1964 mbegu za mahindi ya haibridi zilitoka Kitale, na mahindi yakazidi kuenea. Baadaye unga mweupe wa pakiti, uliotolewa maganda, ukaingia dukani.

Sukari nayo ilikuja. Mwaka ule ule wa 1922 ambao insulini ilianza kutumika, kiwanda cha sukari kilianzishwa Miwani, karibu na Kisumu. Mwaka 1979 kiwanda cha SONY kilianza kusaga miwa Awendo. Miwa imelipa karo za watoto wengi, hatuidharau. Lakini chai yenye vijiko vinne vya sukari, mandazi, soda, na safari za boda boda badala ya miguu vimeingia pamoja katika maisha yetu.

Sukari peke yake haikuleta kisukari. Uzito wa mwili, kukosa kazi za mwili na urithi wa ukoo vina sehemu yao. Hata hivyo sahani ni kitu ambacho mpishi anaweza kukibadilisha leo jioni.

Tufanye nini jikoni?

Usipike sufuria mbili. Chakula kinachomfaa mgonjwa kinaifaa familia yote. Gawa sahani hivi: nusu iwe mboga, robo iwe omena, samaki, maharagwe au ndengu, robo iliyobaki iwe ugali, kiasi cha ngumi ya anayekula.

Mwaka 1981 Daktari David Jenkins na wenzake, huko huko Toronto, walionyesha kwamba vyakula vya wanga havipandishi sukari kwa kasi moja. Unga usiokobolewa ni bora kuliko mweupe. Viazi vitamu vya Kabondo vichemshe, usivichome wala kuvikaanga, na ukivila punguza ugali. Lakini usidanganyike: ugali wa wimbi nao ni wanga. Ukijaza sahani, sukari itapanda.

Chai iwe bila sukari. Ukishindwa kuacha mara moja, punguza kijiko kimoja kila wiki. Chungwa lile zima, usilikamue kuwa juisi.

Na usimwache mgonjwa anayetumia insulini au vidonge akae na njaa. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari yake huenda imeshuka mno. Mpe mara moja vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, kisha chakula. Wakati huo sukari ndiyo dawa. Akiwa amezimia, usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kumbuka, mama: chakula na dawa ni kama mafiga, hakuna linaloinjika sufuria peke yake. Figa la tatu ni kupimwa kliniki mara kwa mara. Mboga zinazohitajika ziko shambani kwako na omena wako sokoni. Hadi mazungumzo yajayo, kaa salama, na utulindie jamii.