Uchomaji wa vyungu (Mombasa)

Uchomaji wa vyungu ni hatua ya mwisho ya ufinyanzi, ambapo udongo uliokauka hugeuzwa kwa moto kuwa chombo kisichoyeyuka majini. Wafinyanzi wa pwani ya Kenya hawakuhitaji tanuri kwa kazi hii. Vyungu hupangwa chini, vikafunikwa kuni, makuti na makumbi ya nazi, kisha moto ukawashwa. Moto wa wazi hupanda upesi na kwisha upesi. Joto lake kwa kawaida ni nyuzi 600 hadi 900 za selsiasi.

Upesi huo ndio hatari yenyewe. Maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke na kupasua chombo, kwa hiyo mfinyanzi huchanganya mchanga ili mvuke upate pa kutokea. Mchanga huohuo hukiwezesha chungu kustahimili moto wa mafiga. Joto likiwa la chini, kuta hubaki na vitundu: mtungi hutoa jasho, na maji yake hupoa bila barafu.

Mitaa ya Mombasa ya Bondeni na Mji wa Kale, penye nyumba zilizobanana, si mahali pa kuwashia moto wa namna hiyo. Kisiwa cha Mombasa kimepata vyombo kutoka ng'ambo, upande wa bara, kwa wanawake wa Jomvu Kuu.

Moto wa haraka si wa pwani pekee: ufinyanzi wa raku wa Japani, ulioanzishwa Kyoto katika karne ya 16 na Chōjirō, nao ni wa moto huo, ila chombo hupakwa rangi ya kioo na hutolewa kwa koleo kingali chekundu. Katika miaka ya 1960 mfinyanzi Mmarekani Paul Soldner alizoea kukifukia katika vitu vinavyowaka, moshi ukitie weusi. Mfinyanzi wa pwani hupata waa hilo bila kulitafuta, popote hewa ilipokosekana.

Vigae vya vyungu vya zamani vimo pia Fort Jesus, ngome ya Mombasa: mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuichimba mwaka 1958, na baadaye jumba la makumbusho likafunguliwa humo. Wageni hukawia mbele ya kauri za China. Vigae visivyong'aa huvipita, ingawa katika machimbo ya pwani ndivyo vingi zaidi, na ndivyo walivyopikia watu.

Sufuria za alumini zimechukua nafasi ya chungu katika majiko mengi. Chetezo cha udongo kimebaki, maana udi na ubani hutaka kaa la moto.