Sungura hagongewi muhuri: vitabu vya watoto na watu waliokimbia

Leo tunaongelea vitabu vya watoto. Najua kuna mtu atasema, "Hayo ni mambo ya nasari, sisi tuna shida ya chakula na makaratasi." Subiri kidogo. Ukifuatilia historia ya vitabu hivi, unakutana na mkimbizi karibu kila kona.

Tuanze hapa mpakani. Mwaka 1902 Waingereza walichukua Jimbo la Mashariki la Uganda wakaliunganisha na nchi ambayo leo ni Kenya. Mpaka mpya ulipita, kwa sehemu, kwenye mito ya Sio na Malaba. Wasamia wakabaki pande mbili, Wateso vilevile. Lakini sungura hakugawanyika. Ukikaa na wazee wa pande hizi utamsikia yuleyule mdogo mjanja anayewashinda wakubwa. Waganda wanamwita Wakayima, Wajaluo wa Kenya Apuoyo, Waacholi Apwoyo. Hajawahi kugongewa muhuri, na amefika kote.

Hadithi zinavuka hata bahari. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa Zanzibar. Humo yumo kima aliyemdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani. Hadithi hiyo iko India pia, katika Panchatantra, ila huko anayedanganywa ni mamba. Yumo pia paa anayemtajirisha bwana wake maskini, ndugu kabisa wa yule paka mwenye buti aliyeandikwa na Charles Perrault kule Ufaransa mwaka 1697.

Sasa twende Ujerumani. Ndugu wawili wa ukoo wa Grimm walitoa kitabu chao cha kwanza cha ngano mwaka 1812. Wengi wanadhani walizunguka vijijini wakiwasikiliza wakulima. Kumbe baadhi ya wasimulizi wao wakubwa walikuwa uzao wa wakimbizi! Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV alifuta sheria iliyowalinda Waprotestanti wa Ufaransa. Watu wengi sana wakakimbia, na baadhi wakapokelewa Kassel na maeneo ya jirani. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mama mmoja wa damu hiyo upande wa baba, Dorothea Viehmann, alikuwa akileta mazao yake kuuza Kassel, na huko akawasimulia akina Grimm hadithi nyingi. Alizipata wapi? Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni kando ya barabara, wasafiri wakipumzika na kupiga stori. Fikiria Malaba, madereva wa malori wakisubiri kuvuka. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake.

Na vitabu vya picha je? Kinachotajwa mara nyingi kama cha kwanza kwa watoto kilitoka mwaka 1658, kazi ya mwalimu Comenius. Alikuwa amefukuzwa kwao Moravia kwa sababu ya dini, na mwaka 1656 mji aliokimbilia, Leszno, ukachomwa moto pamoja na maandishi yake mengi. Miaka miwili tu baadaye alikuwa na kitabu cha kuwafundisha watoto kwa picha.

Juni 1940, mume na mke Wayahudi kutoka Ujerumani, H. A. Rey na Margret Rey, walitoroka Paris siku chache kabla ya jeshi la Hitler kuingia. Walitoroka kwa baiskeli, wakiwa wamebeba michoro ya kitabu cha nyani mdogo mtundu. Kilichapishwa Marekani mwaka 1941, nacho ni *Curious George*. Hapa Busia baiskeli tunaielewa. Neno boda boda limezaliwa kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Mpaka wetu umeona watu wakikimbia kwenda pande zote mbili. Miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, Waganda walivuka kuingia Kenya. Okot p'Bitek alikuwa mmoja wa waandishi wa Uganda walioishi Kenya miaka hiyo, na mwaka 1978 akatoa *Hare and Hornbill*, kitabu cha ngano. Mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, ikawa zamu ya Wakenya. Maelfu walivuka Busia na Malaba, na wengi waliwekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Watoto waliolala kwenye mahema yale leo ni watu wazima. Nani atasimulia habari zao vizuri kuliko wao?

Hapo ndipo penye shida. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria, labda cheti. Vitabu vinabaki. Anachobeba kichwani ni hadithi, na bibi akifa ugenini bila kuulizwa, zinazikwa naye. Halafu yanakuja maboksi ya vitabu vya msaada, mtoto anafungua anakuta theluji. Si vibaya kujua theluji. Vibaya ni kukua ukidhani vitabu ni vya watu wengine tu.

Kazi yenyewe si ngumu. Tangu 2014 kuna African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ambapo unasoma bure vitabu vya picha vya Kiswahili na lugha nyingi za Kenya na Uganda. Unaweza kutafsiri kilichopo, au kuweka chako. Wafanyakazi wa mashirika, kabla ya kuagiza boksi jingine, kaeni jioni moja na akina mama, na mlete karatasi na rangi. Vijana, simu mnazo. Mrekodi bibi kwa lugha yake mwenyewe, mumpe mdogo wako achore.

Na jina la bibi liandikwe juu ya hadithi, akikubali. Akina Grimm waliweka picha ya mama Viehmann kwenye toleo la 1819, ndiyo maana leo tunamjua. Wasimulizi wao wengine wengi hawakutajwa kitabuni. Bibi zetu wasipotee hivyo.