Kuacha, Kuachishwa na Kuachana: Fidia ya Kocha wa Chuo Kikuu nchini Marekani na Kauli za Kitenzi cha Kiswahili

Utangulizi

Mnamo tarehe 26 Oktoba 2025, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana nchini Marekani kilitangaza kwamba Brian Kelly hangeendelea kuwa kocha wake wa futiboli ya Kimarekani. Siku moja kabla, timu yake ilikuwa imeshindwa nyumbani na Texas A&M kwa pointi 49 kwa 25. Umma uliielewa habari hiyo kwa namna moja tu, yaani kocha amefukuzwa. Hata hivyo, wiki mbili baadaye, kwa mujibu wa kesi aliyoifungua Kelly mwenyewe, wawakilishi wa chuo walishikilia kwamba alikuwa hajafukuzwa rasmi. Kati ya tangazo la kwanza na dai la pili palikuwa na takriban dola milioni 54.

Mhadhara huu unachunguza swali ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo. Je, kocha wa chuo kikuu ambaye mwajiri wake ameununua mkataba wake kabla haujaisha huhesabiwa kuwa amefukuzwa kazi, au huwa wameachana tu? Swali lenyewe ni la sheria na historia ya Marekani. Hata hivyo, linaigusa taaluma ya Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, habari za namna hii huwafikia wasomaji wa Kiswahili kupitia kurasa za michezo, na mwandishi hana budi kuchagua kitenzi. Pili, Kiswahili kina kauli za kitenzi zinazoyatenganisha mambo ambayo Kiingereza cha Kimarekani huyafunga katika neno moja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba malipo hayaamui jina la tendo. Jina la tendo ndilo huamua malipo, na kwa sababu hiyo kila upande hulipigania.

Mkataba na Bei ya Kuuvunja

Ili hoja hiyo ieleweke, ni vyema kwanza kufafanua nafasi ya kocha huyo. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, akimpita hata gavana, ni kocha wa chuo kikuu cha jimbo. Aidha, wakati wafanyakazi wengi wa nchi hiyo waweza kuondolewa kazini wakati wowote pasipo kuelezwa sababu, kocha huajiriwa kwa mkataba wa miaka maalumu, na mkataba huo hutaja mapema jinsi utakavyovunjwa.

Aghalabu mkataba hutaja milango mitatu ya kutokea. Mlango wa kwanza ni kuondolewa kwa kosa, kwa mfano kukiuka kanuni au maadili. Anayetolewa kwa mlango huo hapati chochote kwa ajili ya miaka iliyobaki. Mlango wa pili ni kuondolewa bila kosa, aghalabu kwa sababu timu inashindwa. Hapo chuo hulipa sehemu kubwa ya fedha zilizobaki, au zote. Mlango wa tatu ni kocha mwenyewe kuondoka kabla ya muda, na hapo mlipaji huwa ni yeye. Malipo ya mlango wa pili na yale ya mlango wa tatu huitwa kwa jina moja katika Kiingereza, jina lenye maana ya kuununua mkataba hadi uishe. Hapo ndipo utata unapoanzia, kwani jina hilo hutaja fedha bila kumtaja mtenda.

Mifano miwili ya mwaka 2023 huonyesha tofauti ya milango hiyo. Mwezi Novemba, Texas A&M ilimwondoa Jimbo Fisher bila kosa na ikawajibika kumlipa zaidi ya dola milioni 75, malipo yaliyopangwa kuendelea hadi mwaka 2031. Miezi miwili kabla, Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kilikuwa kimemwondoa Mel Tucker kwa kosa, na takriban dola milioni 80 zilizokuwa zimebaki katika mkataba wake zikazuiwa. Naye alikwenda mahakamani. Wote wawili waliondolewa kwa uamuzi wa mwajiri, ila mmoja aliondoka na fedha na mwingine akaondoka na kesi. Fidia, basi, si kinyume cha kufukuzwa. Fidia ni bei ya kumfukuza mtu asiye na kosa.

Hapana budi pia kuitofautisha fidia hii na kiinua mgongo. Kiinua mgongo hutolewa kwa ajili ya kazi iliyokwisha kufanywa. Fidia ya kocha hulipwa kwa ajili ya kazi ambayo haitafanywa kamwe. Charlie Weis aliondolewa na Notre Dame mwaka 2009, na malipo yake yakaendelea hadi mwaka 2015. Katika kipindi hicho aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Kansas, naye akaondolewa huko pia mwaka 2014. Kwa muda fulani, vyuo viwili vilikuwa vikimlipa mtu mmoja asiyefundisha timu ya chuo chochote kati ya hivyo.

Mashauri Matatu Katika Historia

Mnamo tarehe 18 Desemba 1979, bodi ya chama cha michezo cha Georgia Tech, mjini Atlanta, ilimwondoa kocha Pepper Rodgers, ingawa mkataba wake ulikuwa uishe tarehe 31 Desemba 1981. Mshahara wake uliendelea kulipwa. Kwa mtazamo wa mwajiri, deni lilikuwa limemalizika. Rodgers alidai kwamba kazi si mshahara pekee, bali ni pamoja na marupurupu yaliyofuatana na cheo, yakiwamo mapato ya vipindi vya redio na televisheni. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa ya Georgia ilikubali kwamba baadhi ya marupurupu hayo yangeweza kudaiwa. Funzo la shauri hilo ni kwamba kumlipa mtu mshahara hakufuti ukweli kwamba ameondolewa.

Shauri la pili lilikuja kwa upande wa pili. Gerry DiNardo aliiacha timu ya Vanderbilt mwishoni mwa mwaka 1994 na kwenda Louisiana kabla mkataba wake haujaisha. Chuo kilidai fidia iliyotajwa katika mkataba, naye akajibu kwamba kiasi hicho kilikuwa adhabu iliyovalishwa vazi la fidia. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilishikilia kwamba kifungu hicho kilikuwa halali, kwa kuwa hasara ya kuondokewa na kocha ni vigumu kuikadiria na pande zote mbili zilikuwa zimeikubali bei hiyo mapema.

Katika shauri la tatu, Rich Rodriguez aliondoka West Virginia mwezi Desemba 2007 na kwenda Michigan. Mkataba wake ulimtaka alipe dola milioni 4. Baada ya mvutano wa mahakamani, mwaka 2008 iliafikiwa kwamba Michigan ingelipa dola milioni 2.5 naye angelipa milioni 1.5. Hakuna aliyesema kwamba Rodriguez alifukuzwa. Hata hivyo, fedha zilizolipwa ziliitwa kwa jina lilelile ambalo baadaye lingetumiwa kwa malipo ya Fisher.

Jina Linapopiganiwa

Kama milango ingebaki dhahiri hivyo, swali la mhadhara huu lisingekuwa na uzito. Ugumu hutokea pale ambapo mtu hutolewa kwa mlango mmoja na kuandikiwa barua ya mlango mwingine. Mwezi Desemba 2008 Auburn ilitangaza kwamba Tommy Tuberville, ambaye baadaye, mwaka 2021, aliingia katika Seneti ya Marekani, alikuwa amejiuzulu. Anayejiuzulu, kwa kawaida ya mikataba hiyo, hadai fidia. Hata hivyo, chuo kilimlipa takriban dola milioni 5.1. Tamko lilisema aliacha, ilhali malipo yalisema aliachishwa. Inapotokea hivyo, neno la staha huhifadhi heshima ya kocha na kukiepusha chuo na lawama. Lakini msomaji wa historia atakayeliamini tamko bila kuyaangalia malipo ataandika kwamba mtu aliondoka kwa hiari yake.

Shauri la Kelly ni kinyume cha hilo. Hapo mwajiri ndiye aliyeonekana kulikimbia neno la kufukuza. Mkurugenzi wa michezo aliyeitangaza habari ya kumwondoa aliacha wadhifa wake siku chache baadaye, na gavana wa jimbo akalalamikia hadharani ukubwa wa mikataba ya namna hiyo. Kelly alizikataa ahadi za dola milioni 25 na kisha milioni 30. Kwa mujibu wa kesi yake, aliambiwa kwamba mkurugenzi huyo hakuwa na mamlaka ya kumfukuza, na kwamba chuo kingeweza kumwondoa kwa kosa. Alichoiomba mahakama hakikuwa kurudishwa kazini. Aliomba itamke kwamba alikuwa amefukuzwa, tena bila kosa. Mwishoni mwa Novemba 2025 chuo kilithibitisha kwa barua kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kwamba angelipwa kwa sharti la kutafuta kazi nyingine ili deni lipungue.

Ni nadra mtu kwenda mahakamani kudai aitwe aliyefukuzwa. Kwa Kelly, neno ambalo wengine hulionea aibu lilikuwa ndilo hati yake ya malipo.

Mzizi wa Kuacha

Kiswahili kina msamiati mpana wa jambo hili. Mtu hufukuzwa, hufutwa kazi, hutimuliwa, hutupiwa virago, hupigwa kalamu, humwaga unga. Maneno haya yana rangi na kejeli, lakini kwa swali linalojadiliwa msaada mkubwa zaidi unatoka katika kitenzi cha kawaida, kuacha, pamoja na kauli zake.

Anayeacha kazi ndiye mtenda, kama DiNardo na Rodriguez. Wanaoachana ni watenda wote wawili, kwa kuwa kauli ya kutendana haikamiliki kwa ridhaa ya upande mmoja. Anayeachishwa ametendeshwa. Ipo nguvu nje yake iliyomfanya aache kile ambacho hakutaka kukiacha. Si ajabu kwamba kauli hiyohiyo hutumika kwa mtoto anayeachishwa ziwa. Mtoto huyo hupewa uji, na uji waweza kuwa mzuri, lakini hakuna mzazi atakayesema kwamba kwa kuwa alipewa uji hakuachishwa.

Kwa mintarafu hiyo, mwandishi wa habari za michezo anayeandika kwamba Fisher na chuo chake waliachana anaficha nusu ya ukweli. Fisher aliachishwa, na fedha alizolipwa zathibitisha hivyo. Na anayeandika kwamba kocha aliyenunuliwa mkataba wake na chuo kingine amefukuzwa anakosea kwa upande wa pili.

Talaka Inayonunuliwa

Mzizi huohuo hutumika katika ndoa: mume humwacha mke, mke huachwa, watu huachana. Wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kulijadili swali linalofanana na hili karne nyingi kabla ya mikataba ya makocha. Katika khului, mke anayetaka kutoka katika ndoa humrudishia mume mahari au mali nyingine waliyokubaliana. Swali likawa je, kutengana kwa namna hiyo ni talaka, au ni kuivunja ndoa pasipo talaka? Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika pwani ya Afrika ya Mashariki, kauli iliyotegemewa ni kwamba khului huhesabiwa kuwa talaka isiyo na rejea. Wengine, hasa Wahanbali, waliiona kuwa ni kuvunjwa kwa ndoa tu.

Mjadala huo haukuwa mchezo wa maneno. Ikiwa ni talaka, inaingia katika hesabu ya talaka tatu. Ikiwa si talaka, hesabu hubaki kama ilivyokuwa. Wanazuoni hawakuridhika kuuliza ni nani aliyepokea mali. Waliuliza ni tendo gani lililotendeka, na linafuatwa na hukumu gani. Mfano huu una mipaka yake, kwani ndoa si ajira, na katika khului anayelipa ni yule atakaye kutoka. Hata hivyo, utaratibu wa kuuliza ni uleule unaohitajika kwa kocha.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kununuliwa kwa mkataba si aina moja ya tendo. Chuo kinapolipa ili kocha aondoke, kocha ameachishwa kazi, hata kama hakutenda kosa na hata kama tamko limesema amejiuzulu. Kocha, au mwajiri wake mpya, anapolipa ili aende, kocha ameacha. Wameachana pale tu ambapo kila upande ungeweza kukataa na haukukataa. Ili kuitambua hali iliyopo, mtafiti aulize maswali matatu: nani alianza, nani angeweza kukataa, na nani alilipa. Jibu la tatu peke yake halitoshi.

Wajibu wa mfasiri na mwandishi wa Kiswahili katika jambo hili ni mzito kuliko unavyodhaniwa. Lugha yake haimruhusu kuwa kimya juu ya mtenda, kwani kila kauli ya kuacha atakayoichagua itamtaja. Akiichagua kwa pupa, atakuwa ameshatoa hukumu katika shauri ambalo hakulisikiliza.