Viatu vya kukimbilia

Viatu vya kukimbilia ni viatu vyepesi vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbio, yaani kwa mwendo ambao kila hatua inautua mguu kwa kishindo cha mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Katika Afrika ya Mashariki watu wengi huviita raba, ingawa jina hilo hujumlisha viatu vya michezo vya kila namna. Hutofautiana kulingana na mahali pa kukimbilia, umbali na kasi. Kiatu kinachomfaa mkimbiaji wa mita 100 kinaweza kumuumiza anayekimbia kilomita 20.

Sehemu za kiatu

Sehemu ya juu ni kitambaa chenye matundu ya kupitisha hewa. Chini kabisa kuna soli ya mpira inayogusa ardhi. Kati ya hizo mbili kuna tabaka la povu, nalo ndilo linalopokea kishindo. Povu hilo kwa kawaida ni nene zaidi upande wa kisigino kuliko upande wa vidole, na tofauti hiyo huwa kati ya milimita 0 na 12. Kiatu kisicho na tofauti huvuta zaidi misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino. Aliyezoea kisigino kirefu akihamia huko kwa siku moja, mara nyingi huumia.

Viatu kwa aina ya mbio

Kwa mazoezi ya kila siku kwenye lami hufaa kiatu chenye povu la kutosha na soli inayostahimili kusuguliwa. Hiki ndicho kiatu cha kwanza kununua, na kwa mtu mwenye uwezo wa kununua jozi moja tu, ndicho hicho hicho cha kushindania.

Barabara ya changarawe, njia za msituni na miteremko ya milima huhitaji soli yenye meno marefu ya kushika udongo, na ncha ngumu ya kukinga vidole dhidi ya mawe. Meno hayo huisha upesi yakikimbizwa kwenye lami.

Uwanjani na katika mbio za nyika hutumika viatu vya misumari. Kanuni za riadha huruhusu misumari isiyozidi 11 kwa kila kiatu. Kwenye uwanja wa sakafu ya kisasa urefu wake hauzidi milimita 9, isipokuwa kwa kuruka juu na kurusha mkuki, ambapo hufika 12. Povu lake ni dogo, hivyo havifai kwa mazoezi marefu.

Kwa marathoni, mabadiliko makubwa yalianza mwaka 2017, kampuni ya Nike ilipoanza kuuza kiatu chenye povu jepesi sana na bamba la kaboni ndani yake. Povu hilo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu inayotumika kulikandamiza. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 mjini Vienna kwa saa 1:59:40 akiwa na viatu vya majaribio vya aina hiyo. Viatu hivi ni ghali na huchakaa mapema, kwa hiyo hata wenye navyo huviweka kwa siku ya mashindano na mazoezi machache ya kasi.

Kanuni za unene

Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani liliweka kikomo: soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi milimita 40, na bamba ndani yake lisizidi moja. Kwa mbio za uwanjani kikomo ni milimita 20 tangu Novemba 2024. Mazoezini mtu huvaa apendacho, na hapo ndipo penye mtego. Septemba 2021 Mwethiopia Derara Hurisa alimaliza wa kwanza katika Marathoni ya Vienna, kisha akaondolewa kwa sababu soli zake zilikuwa na unene wa milimita 50. Katika fomu ya kabla ya mbio alikuwa ameandika kiatu kingine, kilichoruhusiwa. Ushindi ulikwenda kwa Mkenya Leonard Langat, aliyekuwa nyuma yake kwa sekunde 3.

Kupima na kununua

Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2:15:16. Mfano huu hutajwa mno kuonyesha kwamba viatu si lazima. Husahauliwa kwamba mwaka 1964 huko Tokyo alishinda tena akiwa amevaa viatu, kwa saa 2:12:11.

Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea, kwa hiyo ni vizuri kupima viatu jioni, ukiwa na soksi zile zile za mazoezini. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kisigino kisichezecheze. Namba iliyoandikwa haitoshi, kwani 8 ya Uingereza hukaribiana na 9 ya Marekani kwa wanaume, na kila kampuni ina kipimo chake. Mtafiti Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alipendekeza kwamba mwongozo bora ni starehe ya mguu wenyewe, kuliko kuainisha nyayo kwa umbo.

Wakimbiaji wengi wa Tanzania na Kenya hununua mitumba. Kitambaa kikisafishwa, kiatu kizee huonekana kipya, lakini povu halisafishiki. Kiweke juu ya meza na kukitazama kwa nyuma: kikiegemea upande mmoja, kimeshachukua mwendo wa mwenyewe wa kwanza. Libonyeze povu kwa kidole gumba. Likiwa gumu au lenye mikunjo mingi ubavuni, limekwisha. Gundi nayo hukauka kwa miaka ghalani na soli hubanduka njiani. Kiatu kipya cha mazoezi hukadiriwa kudumu kilomita 500 hadi 800, na cha mtumba hakuna ajuaye kimeshakwenda ngapi. Maumivu mapya ya ugoko au goti, wakati mazoezi hayakubadilika, mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba povu limechoka.